Maharage ya Bwaloni na Nyumbu wa Simanjiro

Mhariri wa jarida letu aliponiandikia kunitaka nitoe makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu, alinikumbusha kwamba nilipokuwa hapa shuleni nilikuwa na tabia ya kumuuliza mwalimu wa historia maswali dakika moja kabla ya kengele ya chakula, jambo lililowaudhi sana wenzangu. Nakiri kosa hilo. Kwa sababu hiyo nimechagua habari inayoanzia katika bwalo lile lile tulilokuwa tukilikimbilia, tena inaanzia kwenye sahani ya maharage.

Wazee wenzangu mtakumbuka, nanyi vijana mlioko madarasani hamna haja ya kukumbushwa, kwamba ugali na maharage ndiyo nguzo ya elimu katika nchi yetu. Tangu mwaka 1994 hadi 2000 nilikula maharage ya shule hii karibu kila siku ya Mungu, wala sikujiuliza hata mara moja yalilimwa wapi. Zaidi ya hayo, ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ililipwa na baba yangu mdogo, ambaye mwaka 1998 alikodi ekari sitini katika uwanda wa Simanjiro, akazilima kwa trekta na kupanda maharage. Kwa hiyo ninapoandika habari za uwanda ule siandiki kama mtu wa mbali. Nimesomeshwa na jembe lililoupasua.

Nia yangu ni kueleza jinsi kampuni za utalii zilivyofika kukubali kutoa fedha ili sehemu ya uwanda huo isilimwe, na kwa nini mpango huo, ambao kwa fedha ulikuwa mdogo, unastahili kujulikana na kila msomi wa shule hii, awe mkulima, mfugaji, mfanyabiashara au mtumishi wa Serikali kama mimi.

Nchi ya nyumbu na ng'ombe

Uwanda wa Simanjiro uko kusini ya Arusha, mashariki ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Tarangire ilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1957, ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, na leo ina ukubwa wa kilomita za mraba 2,850. Mgeni akiingia humo mwezi wa Septemba huwaona nyumbu, pundamilia na tembo kwa maelfu wakishuka mtoni kunywa maji, naye hudhani kwamba hapo ndipo kwao. La hasha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa wanyama aitwaye Hugh Lamprey alichunguza nyendo za wanyama hao, akaeleza kwamba mto huo ni mahali pao pa kiangazi tu. Mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Desemba, nyumbu na pundamilia huuacha mto na kutoka nje ya mipaka ya hifadhi. Wengi huelekea Simanjiro, na huko hukaa mpaka mvua zinapokwisha, karibu na mwezi wa Mei. Huko ndiko nyumbu wanakozalia.

Sababu yake iko ardhini. Majani mafupi ya Simanjiro yana madini ya fosforasi kwa wingi kuliko majani ya ndani ya hifadhi, na mnyama anayenyonyesha huyahitaji mno madini hayo. Kwa maneno mepesi, ndani ya hifadhi nyumbu anapata maji, na nje ya hifadhi anapata maziwa ya mwanawe. Mkato mmoja kati ya hayo mawili hauwezi kumlinda nyumbu, hata kama askari wa hifadhi wangesimama bega kwa bega mpakani.

Sasa, uwanda huo wa kuzalia si hifadhi. Ni ardhi ya vijiji: Terrat, Sukuro, Emboreet, Loiborsoit na vinginevyo, na wenyeji wake wengi ni Wamasai wafugaji. Tangu zamani ng'ombe na nyumbu wamekula majani mamoja, lakini si kwa urafiki mtupu. Nyumbu anapozaa, ndama wake hueneza ugonjwa ambao haumdhuru yeye lakini humuua ng'ombe. Kwa ajili hiyo, katika miezi ya kuzaa wafugaji huhamisha mifugo yao kutoka katika majani yaliyo bora kabisa ya mwaka na kuwaachia nyumbu. Jambo hili lisisahauliwe na yeyote anayedhani kwamba wanyamapori wa nchi hii wametunzwa na watu waliokuwa hawatoi chochote. Mfugaji wa Simanjiro alikuwa akitoa mchango wa hifadhi miaka mingi kabla mtalii wa kwanza hajashuka katika uwanja wa ndege.

Kwa nini wazee waliogopa

Mwalimu wetu wa historia alitufundisha kwamba huwezi kuelewa neno ambalo mtu anakuambia leo kama hujui aliambiwa nini jana. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani yake walitakiwa kuondoka, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya eneo la Ngorongoro ambako waliruhusiwa kuishi pamoja na wanyama. Miaka kumi na mmoja baadaye, Tarangire ilipofanywa hifadhi ya taifa, wafugaji wa upande wa Simanjiro walipoteza haki ya kunywesha mifugo katika mto na mabwawa yake wakati wa kiangazi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 ikaja Operesheni Imparnati, yaani mpango wa kuwakusanya Wamasai katika vijiji vya kudumu.

Basi mtu aliyezaliwa Simanjiro mwaka 1940 alikuwa ameona, kabla hajawa mzee, mpaka ukichorwa mara baada ya mara, na kila mara yeye akiwa nje ya chumba kilichokuwa na ramani. Alipokuja mgeni mwingine akitamka neno "uhifadhi", mzee huyo aliuliza swali moja tu: safari hii mnachukua wapi?

Trekta laja

Katika miaka ya 1980 mashamba makubwa ya maharage yalifunguliwa upande wa Lolkisale. Biashara ilipoachwa huru, kilimo kikasogea kusini na mashariki. Watu wa mijini waliokuwa na fedha kidogo na tamaa ya halali, kama baba yangu mdogo, walikwenda kukodi ardhi kwa wafugaji. Nao wafugaji wenyewe walianza kulima. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka, ng'ombe hawakuongezeka kwa kiasi hicho, na mahindi yalihitajika nyumbani.

Lakini palikuwa na sababu nyingine, na hii ndiyo iliyonishangaza nilipoisikia mara ya kwanza. Wengi walilima kwa sababu ya woga. Ardhi yenye majani tu, katika macho ya mtu wa ofisini, huonekana tupu, na ardhi tupu yaweza kuongezwa kwenye hifadhi. Ardhi iliyolimwa ina mwenyewe. Kwa hiyo woga wa kunyang'anywa ardhi kwa ajili ya nyumbu ndio uliowafanya watu waipasue ardhi ya nyumbu. Sijui kama iko hadithi ya Abunuwasi yenye kinaya zaidi ya hiki.

Matokeo yalionekana katika hesabu za wanyama zilizofanywa kwa ndege. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nyumbu wa eneo la Tarangire na Simanjiro walikadiriwa kuwa kiasi cha 40,000. Mwaka 2001 walikadiriwa kuwa kiasi cha 5,000. Kilimo hakikuwa mwuaji wa peke yake, maana ujangili nao ulifanya kazi yake na njia nyingine za wanyama zilizibwa na makazi. Hata hivyo, mahali pa kuzalia palipolimwa hapana mbadala.

Baba yangu mdogo alivuna vizuri misimu miwili. Msimu wa tatu mvua ikakataa, naye akaliacha shamba. Nimewahi kuona stakabadhi aliyopewa alipolipa kodi: kipande cha karatasi ya daftari, jina la mtu mmoja, saini, na kiasi cha fedha, shilingi 4,000 kwa ekari. Hapakuwa na muhuri wala kumbukumbu ya mkutano wowote. Kijiji hicho sitakitaja, wala mtu huyo. Mimi nilizila fedha za upande wa pili wa mkataba huo, kwa hiyo sina kinywa cha kumlaumu.

Mkataba wa kutolima

Turudi kwa watu wa utalii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Dorobo Safaris ya Arusha ilifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo. Iliingia mikataba moja kwa moja na vijiji vya Loliondo na vya Simanjiro, kikiwamo Emboreet, ili ipige kambi katika ardhi ya kijiji na kukilipa kijiji kwa kila mgeni aliyelala. Kwa mara ya kwanza serikali ya kijiji iliona fedha ya mtalii bila kuipitisha katika mikono mingine. Lakini uwanda huo pia ulikuwa umegawanywa kuwa vitalu vya uwindaji wa kitalii, vilivyotolewa na Serikali Kuu. Mwindaji na mpiga picha hawawezi kukaa kwa amani katika pori moja, na kanuni za uwindaji wa kitalii za mwaka 2000 ziliwabana waliotaka kufanya utalii wa picha ndani ya vitalu hivyo. Mikataba ya vijiji ikabaki katika mashaka.

Ndipo ukabuniwa mpango wa namna nyingine. Mwaka 2005 kampuni kadhaa za utalii za kaskazini ziliungana, na kwa msaada wa shirika la uhifadhi la Wildlife Conservation Society zikaingia mkataba na kijiji cha Terrat. Kijiji kilitenga zaidi ya hekta 9,000 za uwanda wake na kukubali kwamba hazitalimwa wala kujengwa makazi ya kudumu. Malisho ya mifugo yangeendelea kama kawaida. Kampuni kwa upande wao zilikubali kukilipa kijiji karibu shilingi 5,000,000 kila mwaka, na ukawapo mpango wa kuwalipa askari wanyamapori wa kijiji, ambao ni vijana wa hapo hapo. Baadaye kijiji cha Sukuro nacho kikajiunga na mpango huu.

Naomba msomaji atulie kidogo hapa, maana wengi huruka jambo hili. Kampuni hizo hazikupata haki ya kupeleka wageni kwenye ardhi hiyo. Hazikujenga kambi. Hazikupata hata kipande cha kuweka kibao. Zililipa kwa ajili ya mahali ambapo wageni wao hawangepaona, kwa sababu wanyama ambao wageni wao wangewaona mtoni mwezi wa Septemba walipaswa kwanza kuzaliwa uwandani mwezi wa Februari. Na kwa kuwa hazikupeleka wageni, hazikugombana na mwindaji katika kitalu chake. Mfanyabiashara wa mjini hununua bidhaa anayoiona. Hawa walinunua chimbuko la bidhaa, tena waliliacha mikononi mwa mwenyewe.

Kosa langu

Mwaka 2004 nilimaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nikiwa na shahada, suruali mbili za kukunjwa na uhakika kwamba ninajua mambo. Niliajiriwa katika ofisi ya halmashauri moja ya kaskazini, na mwaka 2006 nikapelekwa kwa majuma machache katika vijiji vya uwanda ule kukusanya habari za matumizi ya ardhi. Habari za mkataba wa Terrat zilikuwa zikizungumzwa katika kila boma. Nikapiga hesabu. Shilingi 5,000,000 ukizigawanya kwa hekta 9,000 na ushei unapata kiasi cha shilingi 540 kwa hekta kwa mwaka mzima. Wakati huo fedha hiyo haikutosha kununua soda mbili. Baba yangu mdogo alilipa 4,000 kwa ekari, yaani karibu 10,000 kwa hekta. Hiyo ni kama mara kumi na nane! Nikaandika katika rasimu ya taarifa yangu kwamba wananchi wamepunjwa, na kwamba mkataba wa namna hiyo ni udanganyifu uliovikwa nguo za uhifadhi.

Bahati njema, kabla ya kuipeleka rasimu nilimwonyesha mzee mmoja wa kijiji nilikokuwa nimelala, mjumbe wa serikali ya kijiji, ambaye mjukuu wake alimsomea kwa Kimasai. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Bwana afisa, hao waliolipa elfu nne kwa ekari, walimlipa nani?"

Nikasema walilipa kijijini.

"Nani kijijini?"

Sikuwa na jibu, ingawa nililiona lile karatasi la daftari mbele ya macho yangu. Mzee akaeleza. Kodi ya mashamba ilikwenda mfukoni mwa mtu mmoja au wawili, na mkutano mkuu wa kijiji haukuisikia kamwe. Fedha ya mkataba huingia katika akaunti ya kijiji, na husomwa mkutanoni hadharani, na mwenye kutaka kuuliza huuliza. Hilo la kwanza. La pili, mwenye shamba alichukua majani. Akishalima, ng'ombe hana mahali. Mkataba unaacha majani, kwa hiyo kijiji kinapata fedha na bado kinabaki na malisho yake. "Nyumbu ananipa ugonjwa miezi mitatu," alisema, "kisha anaondoka. Trekta likija haliondoki." La tatu ndilo alilolisema kwa sauti ya chini. Serikali ilipochora hifadhi haikuwauliza. Mkataba uliwauliza, na wakiona haufai wanaweza kukaa mkutanoni wakaukataa. "Sisi hatukuuza ardhi kwa soda mbili," akasema. "Tumewapata mashahidi kwamba ni yetu."

Nikaanza kuelewa kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi na swali langu lilikuwa la kijinga. Nilikuwa nimeuliza bei ya ardhi. Wao walikuwa wakitafuta namna ya kuilinda bila kuilima na bila kunyang'anywa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 ilikuwa imekwisha kuvipa vijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yao. Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 1982 ilikuwa imevipa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Lakini sheria ndogo inayokataza kulima ni ngumu kuilinda mbele ya mtu mwenye fedha mkononi, hasa ikiwa anayeombwa ruhusa ni mmoja na amekaa peke yake. Mkataba uliipa sheria hiyo uzito wa jambo la watu wote. Fedha ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa inasomwa hadharani, na kila iliposomwa mpaka wa malisho nao ulisomwa.

Jioni ile tulitembea kidogo uwandani, naye akanionyesha kwa fimbo mahali palipoota miiba na magugu, tofauti kabisa na majani ya pande zote. "Pale," akasema, "palikuwa shamba la mtu wa mjini. Alilima miaka mitatu akaenda zake. Majani hayajarudi." Nilipatambua mahali hapo kwa vilima vilivyokuwa nyuma yake, maana nikiwa likizo ya kidato cha tano nilikwenda huko kusaidia kupiga maharage. Nilinyamaza usiku kucha. Asubuhi wakati wa chai nikamwambia kwamba mtu wa mjini alikuwa baba yangu mdogo, na kwamba shamba lile ndilo lililonifikisha nilipo.

Mzee hakukasirika. Alikunywa chai yake, akanitazama, akasema, "Kumbe tulikusomesha sisi. Basi andika vizuri."

Ile rasimu niliichana.

Mipaka ya jambo hili

Ningekuwa ninawadanganya kama ningeishia hapo na kuwafanya mwamini kwamba utalii umeponya kila kidonda. Mkataba wa kijiji kimoja haumfungi jirani, na nyumbu hajui mpaka wa vijiji. Mwaka 2009, ukame mkubwa ulipoipiga kaskazini yote, mifugo ilimiminika Simanjiro kutoka wilaya jirani kufuata majani yaliyobaki, na niliona mizoga mingi barabarani. Malisho yaliyohifadhiwa yalisaidia kwa muda, kisha nayo yakaisha. Hakuna mkataba unaoweza kuileta mvua.

Tena fedha ya watalii yenyewe ni kama mvua. Kwa ndugu zetu wa Kenya, kandokando ya Maasai Mara, wenye ardhi walikuwa na hati za mashamba yao binafsi, kwa hiyo kuanzia Ol Kinyei mwaka 2005 waliyaunganisha na kuyakodisha kwa kampuni za kambi za watalii, ambazo huwalipa kodi kila mwezi. Mapato yao yalikuwa makubwa kuliko yale ya Simanjiro. Lakini mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga viwanja vya ndege, kambi zikawa tupu na kodi zikapunguzwa. Kwetu Tanzania, watalii waliokuwa zaidi ya 1,500,000 mwaka 2019 walishuka hadi kiasi cha 620,000 mwaka 2020. Kijiji kilichokuwa kimeweka matumaini yake yote katika fedha hiyo kilijikuta kama mkulima aliyeuza jembe akinunua mwavuli.

Ndiyo maana naona kwamba kilicho bora katika habari ya Terrat si malipo yenyewe bali utaratibu uliojengwa juu yake: mkutano mkuu uliotenga malisho, sheria ndogo, vijana wa kijiji wanaoyalinda, na hesabu inayosomwa. Vitu hivyo vinaweza kusimama hata mwaka ambao wageni hawakuja. Baadaye imetokea njia ya kuvitia nguvu zaidi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini, katika Wilaya ya Mbulu, walipata hati ya haki miliki ya kimila kwa ardhi yao ya pamoja, na vijiji vya wafugaji kaskazini navyo vimepata hati za namna hiyo kwa malisho yao. Hati inamwambia mtu wa ofisini neno ambalo zamani lilihitaji trekta kulisema: ardhi hii ina mwenyewe.

Neno kwa wenzangu

Najua kwamba kati ya wasomaji wa jarida hili wamo wenye kampuni za utalii, madereva wa watalii, na wapishi wa kambi. Ninyi nawaambia: fanyeni kama wale waliolipa kwa ajili ya mahali pasipopigwa picha. Mto mnaouonyesha wageni una chanzo chake, na mnyama ana mahali alipozaliwa, na huko yuko mtu ambaye amehamisha ng'ombe wake ili mnyama huyo apite. Mlipeni huyo, tena mlipeni mbele ya mkutano wake, si chini ya mti na mtu mmoja.

Wenzangu watumishi wa umma, mnapoletewa mkataba wa ardhi, msianze na hesabu ya shilingi kwa hekta kama nilivyoanza mimi. Ombeni kwanza muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Kama haupo, hata fedha ikiwa nyingi namna gani, hapana mkataba. Kama upo, na watu walikuwa na nafasi ya kukataa, basi someni kwa heshima hata kama fedha ni kidogo.

Na ninyi vijana mlioko madarasani, ulizeni maharage yanatoka wapi. Sisemi msiyale. Mkulima wa maharage ni mtu wa halali, na baba yangu mdogo, ambaye sasa ni mzee wa miaka sabini na mitatu, bado anasema kwamba alilima kwa jasho lake na alilipa kila senti aliyodaiwa. Nami nashuhudia kwamba anasema kweli. Alilipa. Shida ni kwamba waliostahili kulipwa hawakuwapo wakati wa kulipa, na majani nayo hayakuwa na mtu wa kuyasemea.

Nitakuwapo kwenye mkutano wetu, Mungu akipenda, na nimeambiwa kwamba chakula cha mchana kitakuwa bwaloni kama zamani. Mwenye swali juu ya habari hii asisite kuniuliza, hata ikiwa imebaki dakika moja kabla ya kengele.